Harusi Zangu Niziweke kwa Shemeji au kwa Kampuni ya Mbali?

Mama Valérie mpendwa, nakuandikia nikiwa nyuma ya pazia la kupimia nguo ili mafundi wasinione, na nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi shemeji yangu anakuja kuchukua jibu. Nina atelie hapa Ndosho, tunashona na kukodisha nguo za harusi, na vipimo vya mabibi harusi wote, tarehe zao na picha zao viko ndani ya kompyuta moja ambayo namba yake ya siri ninaijua mimi peke yangu, ndiyo maana mwaka wa 2021 mlima wetu wa volkano ulipolipuka na tukaambiwa tuhame mji, nilitoka nimeibeba mgongoni kwa kitenge, na mume wangu Balagizi akinifuata nyuma mpaka mji wa Sake. Usinicheke, kwani nilikuwa nimejihadhari, nilinakili kila kitu kwenye flashi tatu, moja kwa mama mkwe Munigi, moja kwa dada yangu Léonie na moja kwangu, lakini asubuhi ile ya kuhama mama mkwe alizikusanya zote tatu ndani ya mkoba wake ili zisitawanyike, na mkoba akausahau kwenye lori. Halafu Januari 2025 vita vikaingia mjini, umeme ukakatika siku nyingi, nikabaki naitazama kompyuta isiyowaka, na bibi harusi mmoja akaolewa na gauni lililobanwa kwa pini kuanzia kwapani hadi kiunoni.

Sasa Ange, fundi wangu mkuu, ananishauri tuhamishie kazi yote kwenye wingu, yaani kwenye mashine za kampuni iliyo mbali, tuwe tunaifikia hata kwa simu, na tumeshaanza kuijaribu kampuni moja ya ng'ambo. Edmond, mdogo wake mume wangu, aliposikia akasema yeye pia ana wingu, amefunga mashine na sola nyumbani kwake Munigi. "Mama, yangu iko hapa karibu, unaweza kuya kuigusa. Ile ya bazungu utaigusa wapi? Tena mimi niko mutu wa nyumba." Kwa aibu nikamwambia ndiyo, na Ange naye nilikuwa nimeshamwambia ndiyo, na mume wangu anasema nikimkataa ndugu yake nimemkataa yeye. Harusi zote za Agosti zimo ndani ya kompyuta ile, zikipotea atelie imekufa na mafundi sita wanarudi nyumbani. Nimchague nani? Naomba usitaje jina langu.

Mwenye atelie, Ndosho

Mwenye atelie, jina lako sitalitaja, ingawa sidhani mji huu una wanawake wengi waliohama na kompyuta mgongoni. Pole kwa yote, na nimefurahi kwamba bado unashona. Lakini umekosea. Umewaambia watu wawili ndiyo, ukingoja jambo fulani likuamulie. Amua mwenyewe, atelie ni yako.

Umejaza ukurasa kuhusu wingu, ukapitisha mbio maneno haya: namba ya siri unaijua wewe peke yako. Ukishikwa na malaria wiki ya harusi, nani atafungua? Leo, kabla hujala, mpe Ange namba hiyo. Unamwamini na mkasi juu ya kitambaa cha bei ghali, mwamini na hili pia.

Sasa, uache kuuliza nani ni ndugu. Uliza mashine ziko wapi, na kama kuna nakala katika mji mwingine. Munigi ni jirani ya mlima, mama, na nakala zote mahali pamoja ni ule mkoba wa mama mkwe tena. Uliza kama vipimo vitabaki ndani ya simu hata mtandao ukikatika. Uliza kama siku ukitaka kuondoka utachukua vitu vyako vyote bila kumpigia mtu magoti. Na hiyo kampuni ya ng'ambo usiisujudie pia. Uliona benki zilivyofunga milango vita vilipoingia, watu wakakosa njia ya kulipa. Kama haipokei malipo ya mwaka mzima mapema, itakuzimia siku ileile unapoihitaji.

Wala usihamishe yote kwa siku moja. Anza na picha, kisha harusi zilizopita, Agosti iwe ya mwisho. Kompyuta ya zamani iendelee kufanya kazi mpaka mzoee. Balagizi mwambie wazi kwamba unampenda ndugu yake, ndiyo maana hutaki siku moja umchukie kwa sababu ya gauni.

Leo mpe Edmond nakala ya harusi za mwaka jana aiweke kwake, na Ange aiweke kwenye ile kampuni. Jumamosi wakaribishe wote, mume wako akiwepo. Zima kompyuta yako, Ange akutafutie kwa simu vipimo vya bibi harusi mmoja. Kisha Edmond apige simu nyumbani mashine ya Munigi izimwe, kana kwamba moto wa mlima umeifikia, naye akupe vipimo vya bibi harusi huyohuyo. Akivitoa, mpe kazi bila wasiwasi, ameistahili. Akianza kueleza kwa nini haiwezekani, mmiminie chai, msikilize kwa heshima mpaka amalize, na Jumatatu anza na Ange kuhamia ile kampuni.