Stesheni Iliyoandikwa "Uwanja wa Ndege"

Karakana ya Makabati,
Nyuma ya Tangi la Maji.
Jumanne, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani, na huyo mgeni tumboni bado anakupiga mateke? Huku tu wazima, ukiacha magoti ya mama, na nyongo yangu iliyochafuka tangu Jumamosi.

Najua ulisimama uwanja wa ndege wa huko kwenu hadi abiria wa mwisho akatoka, mama humwoni. Kwenye simu nilisema "tumechelewa" tu, maana alikuwa anasikiliza. Sasa pata ukweli, kisha useme mwenyewe kama si wa kutapisha.

Nilimpandisha ile treni mpya inayosifiwa redioni. Treni yenyewe sina neno nayo. Tukashuka kwenye stesheni iliyoandikwa "Uwanja wa Ndege" kwa herufi ndefu kunishinda mimi. Mama akatazama huku na huku. "Mwanangu, ndege ziko wapi?"

Mkata tiketi akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara kuu. "Reli ilipochorwa, jengo la abiria lilikuwa hapa. Wakalihamisha."

"Hawakuwaambia?" nikamuuliza.

"Walituambia, mzee. Tulikuwa tumeshalaza reli."

Mdogo wangu, mimi useremala nimejifunza kwa kutazama, lakini sijapata kuchonga mlango kabla ya kupima fremu. Hawa wana vyeti ukutani, na mlango wao umeangukia kwa jirani.

Kuvuka ni kwa daraja la juu: ngazi themanini na nne za kupanda, na za kushuka ni hizohizo. Nimezihesabu kwa sababu tulipumzika kila baada ya sita. Lifti ipo, bado imevishwa nailoni kama godoro la dukani. Huko juu wamebandika picha ya bibi mmoja anavuta begi huku anacheka. Mama akamsonya. "Huyu alishukia wapi?"

Tulipofika, mlango wa ndege ulikuwa umefungwa. Mama hakulia. Alikaa juu ya begi, akavua viatu, akasema, "Mjukuu wangu atapokewa na wageni kwa ajili ya ngazi."

Nikamwendea bwana mmoja mwenye beji ya uwanja. "Daraja ni la watu wa reli," akasema. Watu wa reli nao: "Daraja ni la uwanja." Basi halina mwenyewe, ila magoti yana mwenyewe.

Safari wameisogeza hadi Ijumaa. Daktari wako alisema utajifungua Jumatatu, kwa hiyo hakuna kukosea tena. Teksi nazo huzuiwa getini, mbali na jengo, eti watu wazoee treni! Kwa hiyo kutoka getini nitamsukuma kwa mkokoteni wangu wa makabati. Mama alikataa katakata, kisha akauliza kama una vumbi la mbao. Mlinzi akisema mikokoteni hairuhusiwi, nitamwambia ambebe yeye.

Shemeji msalimie sana. Shangazi na wale mapacha wa dada wanakuombea. Mola akufungue salama, na huyo mtoto awe na subira kuliko waliojenga uwanja wetu.

Barua hii naichomeka kwenye mkoba wa mama. Akikukabidhi, usimuulize habari za safari. Mpe kiti.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Fundi.