Dadu Ndani ya Kibuyu

Bagara, Babati
24 Juni 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepoa na usingizi umerudi. Baba naye mpe shikamoo yake, hata kama bado amenuna kwa kuwa sikuja Pasaka. Sisi ni wazima. Fabiola ameota meno ya mbele, anang'ata kila kitu isipokuwa ugali wa mahindi ya njano.

Mkweo Kasimiri bado hana kazi, maana seremala atafanya nini na misumari haipo Babati nzima? Alipochoka kukaa alichukua ubao wa sanduku akachora mchezo. Kila mchezaji ni kaya na anaanza na punje ishirini za mahindi. Unarusha dadu aliyochonga kwa mfupa, inakuletea mvua, ukame, viwavi, au foleni ya duka ambako sukari inaisha ukifika mlangoni. Kila zamu unakula punje mbili. Ulizotenga za mbegu zinazaa mvua ikija, na mwishoni mwenye punje nyingi ndiye mshindi. Jirani yetu Lemuta, aliyehamia hapa kutoka Kiteto baada ya ng'ombe wake kufa kwa ukame, alisema mchezo huu una roho mbaya, umemfilisi mara ya pili. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika.

Mwezi wa pili unga ulituishia. Kasimiri akasema tupike maharage ya mbegu uliyotupatia kwenye kibuyu. Nikakataa. Alisema watoto wana njaa leo, nami nikasema mwakani watakuwa nayo pia. Tulinuniana siku mbili, mpaka akatamka mbele ya Lemuta kwamba mchezo uamue: akishinda yeye, kibuyu kiende jikoni, nikishinda mimi, kiende shambani Sigino. Unamjua mkweo, akishasema mbele ya mtu harudi nyuma.

Tulicheza Jumapili mchana kutwa. Mwishoni nilibaki na punje tatu tu, za mbegu, na zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Kama nilivyokuandikia wakati ule, ikatokea mvua, na Kasimiri akainuka akachukua jembe. Majuma yaliyofuata tulikula mnafu na uji mwepesi, na maziwa kidogo ya mbuzi wa Lemuta. Nililia mara nyingi, Mama, nikijiuliza kama nimewaua wanangu kwa ubishi.

Maharage yamekubali. Tumejaza magunia mawili.

Sasa nikuambie ukweli. Sikushinda. Dadu ilileta ukame. Lemuta alikuwa amegeuka kutema ugoro, nami nikaisukuma kwa goti, ikalala upande wa mvua. Wewe uliyenifundisha bao, ukanichapa vidole kwa kugusa kete iliyokwisha kulala, nisamehe.

Juma lililopita tukipura maharage nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Kasimiri. Alicheka mpaka akakaa juu ya maganda. Akasema goti aliliona. Alinyamaza kwa sababu neno lilikuwa limeshamtoka, na tangu asubuhi ile alikuwa akimwomba Mungu nishinde mimi.

Kibuyu chako anakuletea Sylvesta pamoja na barua hii, na hakiji kitupu. Chini kabisa utaikuta dadu. Kaa nayo wewe. Kasimiri anachonga nyingine, ila amesema hii itarushwa mezani, mbali na magoti yangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mimi binti yako,
Genoveva