Pikapu Tuliyoinunua Misheni

Mpendwa shemeji,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Mwanza. Hali yako? Kile kifua kilichokusumbua masika yaliyopita kimetulia? Sisi tungali tunavuta pumzi. Dada yako anakusalimu, migomba inazaa, ila mimi magoti yamegoma. Nimechoka, shemeji, na nakuambia wewe kwa sababu wengine nitawaambia nini.

Ni habari ya pikapu.

Unakumbuka tulivyoitafuta? Vita vilikuwa vimekwisha, magari adimu, na madereva wa Nkwenda wameanzisha yale mashindano yao: kwenda Nyabiyonza na kurudi, alfajiri hadi jua lizame, mwenye mizunguko mingi achukue mtamba wa ng'ombe. Mtamba huyo ndiye angekuanzishia mahari. Ukasema hatuhitaji gari la mbio, tunahitaji gari lisilokata tamaa, tena la bei ya watu kama sisi.

Tukaonyeshwa mbili. Ile ya bluu ya mfanyabiashara iling'aa, ikawaka mara moja. Ukaweka kiganja juu ya boneti, ukaninong'oneza kwamba ina joto, imeamshwa kabla hatujafika. Ya misheni tuliikuta imelala baridi kwenye nyasi, sakafu imeliwa na kutu, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Ilikohoa, ikakohoa, ikawaka. Ukaipandisha kilimani na matope yake, ikarudi bila kuchemsha. Mimi nikasema tuichukue hii, imeombewa miaka mingi.

"Maombi hayazibi rejeta, shemeji," ukasema, ukicheka. Lakini uliichukua.

Ukaipaka rangi nyekundu. Kikohozi chake hukuweza kukipaka rangi.

Siku ya mashindano jua limeshainama, tuko mbele, nyuma yetu limebaki gari moja tu. Nilikuwa nimekwisha kumpa yule mtamba jina. Tukapinda kona, tukakuta machela katikati ya barabara, mama mwenye uchungu juu yake, na wanaume waliombeba wamekaa kando wanahema. Ukapiga honi. Hawakusogea. Mzee mmoja akaja dirishani, kofia mkononi.

"Waitu, ndugu zetu, tumelisikia tangu bondeni," akasema. "Tukamwambia mama avumilie, gari la wagonjwa linakuja."

Hawakujua kwamba misheni imeliuza. Hata rangi hawakuitazama. Ukanigeukia, nami nikatazama magoti yangu, maana mahari ilikuwa yako, si yangu. Ukashuka, ukafungua bodi nyuma. Mwenzetu akatupita, akauliza kama tumeanza kubeba abiria.

Mama alijifungua salama, Mungu asifiwe. Tuliporudi Nkwenda ukasema, "Shemeji, hili gari si letu."

Nilidhani ni hasira. Kisha ukaenda kuendesha malori ya watu, ukaniachia ufunguo, na tangu hapo neno lako naliona kila wiki. Wenye wagonjwa wanakuja nikiwa mezani. Wanakuja nikiwa kanisani, wananivuta shati wakati wa sadaka. Juzi nimemfikisha hospitali mzee mmoja wa Ihanda. Kurudi nikakwama kwenye matope, nikakaa juu ya tairi la akiba, nikashindwa hata kuomba.

Sasa kuna mtu wa Nkwenda anaitaka injini aifunge kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Moyoni nimeshakubali. Dada yako hakukubali wala hakukataa. Amesema tu, muulize yule aliyesema si lenu.

Basi nakuuliza. Kama si letu, naweza kuliuza? Na kama siwezi, utakuja kunipokea usukani? Maana asubuhi hii nililiwasha uani nimwonyeshe mnunuzi jinsi linavyonguruma. Halijamaliza kukohoa, jirani zetu wakatokea migombani wamembeba binti yao, wanaona haya kwamba wamenisumbua tena. Mnunuzi mwenyewe alimshika miguu tukampakia.

Amesema atarudi Jumamosi ijayo. Tafadhali nijibu mapema.

Ni mimi shemeji yako,
mume wa dada yako