Madigadi ya Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, na lile goti halikusumbui kama lilivyokusumbua mlipohamia nyumba ya ngazi. Shemeji naye macho yake yanaendeleaje? Mwambie asiache dawa ya matone kwa sababu tu ameanza kusoma gazeti tena, namjua. Na yule mwanao wa mwisho aliyekuwa hali mpaka asimuliwe hadithi, natumaini sasa anakula bila hadithi. Mimi mzima. Vumbi la faiba ninayoundia bodi za magari hunipa kikohozi kinachokuja na kuondoka, na mikono inawasha kama kawaida ya kazi yangu, lakini nakula, nalala, siumwi.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Kwenye simu wewe huuliza habari, mimi hujibu nzuri, unauliza tena kwa ukali kidogo, najibu nzuri sana, kisha tunaagana. Mara ya mwisho uliniuliza kwa nini mwaka mzima sikuja kukuona, nikasema kazi imenibana. Halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu na mdomo wangu mzito, kwa hiyo naandika.

Unamkumbuka yule dereva wa mashindano niliyekutajia, mteja wangu wa zamani, aliyeitwa Breki. Walimpa jina hilo kwa kuwa hakuwa na habari nazo. Kila baada ya mashindano aliniletea gari limechubuka ubavu mmoja, nami nikalinyoosha, tukawa marafiki wa aina yangu, yaani yeye anaongea mimi nasikiliza. Hakufa kwa gari kama watu walivyotabiri. Alikufa kwa figo, kitandani, na mwenyewe alilalamika kwamba huko ni kufa kwa mwendo wa konokono.

Miezi mitano baada ya maziko, mkewe akaja gereji. Ilikuwa Alhamisi mchana. Yeye ni fundi wa miwani, anakata vioo na kuvipachika kwenye fremu, na Alhamisi hufunga duka lake saa sita. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita fundi. Akanieleza kwamba banda la nyumbani kwake limejaa gari la mumewe. Injini imekufa na chesisi imepinda, lakini bodi ya mashindano ipo yote: pua ile ndefu iliyolala chini, madigadi nne pana za kufunika magurudumu, zilizotuna kama mashavu ya mpiga tarumbeta, na bawa la nyuma. Alitaka nimjengee gari jipya la watu wawili lenye umbo lile lile, lakini linaloruhusiwa barabarani. Liwe na namba, taa, indiketa, honi, na ekzosi isiyoamsha mtaa mzima.

Nikamuuliza ni la nini, maana nilijua hapendi kasi. Akasema si kwa ajili yake peke yake. Mama mkwe wake, mama mzazi wa Breki, hakuwahi kumtazama mwanawe akishindana hata mara moja, kwa woga. Kila mwanawe alipomwomba apande gari lake azungushwe kidogo tu, alijibu kwamba hapandi gari lisilo na namba, asije akakamatwa na polisi uzeeni. Breki akamwahidi kwamba siku moja ataliwekea namba. Akafa kabla.

"Mama bado anauliza," mkewe aliniambia. "Anauliza kama vile mtu mwenyewe ametoka kidogo tu, atarudi."

Basi nikaianza kazi. Nilipata gari dogo la watu wawili ambalo bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu lakini chini lilikuwa zima, nikalivua nguo zote ikabaki chesisi na injini. Kisha nikachukua vipande vya Breki kimoja kimoja, nikavipaka nta, nikavitolea kalibu, na ndani ya kalibu nikalaza faiba tabaka juu ya tabaka mpaka ikashika. Dada, bodi ya mashindano huwezi kuihamisha tu ukadhani umemaliza. Ile pua ingekwaruza kila tuta la barabarani, kwa hiyo niliiinua vidole vinne, nikahangaika wiki nzima sura isiharibike. Kingo za bawa zilikuwa kali kama kisu, nikazikunja ili zisimkate mpita njia. Taa nilizichongea vyumba mahali ambapo hapakuwahi kuwa na taa. Ni kazi tamu kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya peke yangu, kama ninavyofanya kila kitu tangu wifi yako aliponiacha. Unajua alivyosema siku anaondoka, kwamba kuishi na mimi ni kama kuishi na redio iliyoisha betri. Sikumjibu, na huko kutomjibu kukawa ushahidi wake. Huu ni mwaka wa sita. Chumbani nina sahani tatu, ninayoitumia ni moja.

Shemeji akawa anakuja kila Alhamisi kuangalia kazi ilipofikia. Aligeuza kopo kubwa la rangi akalifanya kiti, akafungua chupa yake ya chai, akanimiminia kwanza mimi. Alinisimulia wateja wake. Kuna mzee mmoja alifika dukani amekasirika, anadai miwani yake imeibwa palepale, nayo iko juu ya kipara chake. Kuna bibi harusi aliyetaka vioo visivyo na nguvu yoyote, ili tu aonekane amesoma. Mimi napiga msasa, nasikiliza, nacheka kwa pua. Jirani yangu wa matairi, tunayemwita Pancha, akaanza kunitania. Ikifika saa saba Alhamisi anapaza sauti ng'ambo ya ukuta kwamba ninyoe ndevu, mgeni wa serikali yuko njiani.

Usinielewe vibaya, dada. Sikuwa natafuta mke. Sijui hata kama naweza kukueleza nilichokuwa natafuta. Ila nilianza kununua sukari.

Mwanamke yule ana jicho. Siku moja alisimama mbele ya gari, akafumba jicho moja, akasema madigadi ya kushoto iko chini kuliko ya kulia. Nikabisha. Nikapima, nikakuta milimita mbili. Nikaibomoa nikaitengeneza upya, wiki tatu, naye akawa anafuatilia kila hatua kwa hamu, akishika mviringo ule kwa kiganja kama anayepima joto la mtoto. Baada ya hapo mambo yakawa yanatokea. Mara rezini, ile gundi ya faiba, imekataa kukauka kwa sababu ya baridi. Mara rangi inataka kupumzika kabla ya kupigwa mkono wa pili. Mara vioo vya indiketa havipatikani. Kila akiuliza kama bado, nilisema bado kidogo, naye akasema hakuna haraka, fundi, la muhimu litoke vizuri.

Kisha ikaja Alhamisi moja akafika mbio mbio, bila chupa ya chai. Mama mkwe wake alikuwa amelazwa siku kumi, yeye hakutaka kunisumbua na habari hizo. Sasa daktari amemruhusu arudi nyumbani, na amesema waziwazi kwamba wasitarajie siku nyingi. Aliniambia mkaguzi wa magari amekubali kuja kesho yake akimwomba. Jumamosi asubuhi ampeleke mama, hata kama ni kuzunguka mtaa tu. Alishamwambia, na mama amefurahi. Akaniuliza kama gari litakuwa tayari.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya madigadi ya kushoto ili asiione. Ilibidi nisogee. Ilikuwa imekatwa juu kwenye mviringo, rangi imeliwa, praima imeliwa, uwazi unaingia ngumi. Nikamwambia nimegundua kiputo cha hewa chini ya rangi, nimelazimika kupafungua, na faiba haiwezi kuharakishwa. Wiki mbili, nikasema. Akaangalia ule uwazi. Akauliza kama haiwezekani kupita hivyo hivyo, nikamwambia mkaguzi hatakubali, na hilo lilikuwa kweli. Akasema basi, si kosa lako, fundi. Akaondoka.

Yule mama alifariki Jumatano iliyofuata.

Nilikwenda mazikoni, nikakaa nyuma. Shemeji aliponiona alinishukuru kwa kuja. Akasema nilimalize gari hata hivyo. Nikalimaliza kwa siku nne. Mkaguzi alikuja na futi yake, akalala chini ya gari, akapima pua, akapiga honi, akawasha kila taa, akaniuliza kama hili ni gari au ni samaki aliyepewa namba. Kisha akaandika kwamba limefaulu. Hata kosa moja hakuliona.

Dada, hapa nimeiacha kalamu nikaenda kuosha vikombe, nikarudi. Hakukuwa na kiputo. Gari lilikuwa limekwisha. Jumatano ile, siku moja kabla hajaja mbio, nililizunguka na kitambaa mkononi kuanzia saa nane mchana, natafuta mahali pa kurekebisha, sikupata. Nikajua kesho atakuja, atalichukua, na Alhamisi inayofuata hatakuja. Nikachukua grinda nikaikata madigadi ya kushoto, ile ile aliyoigundua yeye, kwa mikono hii. Pancha alisikia mlio akauliza ng'ambo ya ukuta, si nilisema nimemaliza. Nikamjibu kuna kitu kidogo. Na si mara hiyo tu. Rezini haikukataa kukauka. Vioo vya indiketa vilikuwa kwenye droo yangu muda wote. Kama ningefanya kazi kama ninavyojua kuifanya, yule mama angepanda gari la mwanawe miezi minne kabla hajaugua.

Shemeji alipokuja kulichukua, nilikuwa na funguo mkononi na ningeweza kumpa tu aende. Nilishindwa. Nikamwambia yote, nikiangalia sakafu, hovyo hovyo, mwanzo nyuma na mwisho mbele. Alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya blauzi, kwa muda mrefu, kisha hakuivaa.

"Alhamisi ile lilikuwa zima?" akauliza.

"Mpaka Jumatano ile lilikuwa zima."

"Jumamosi mama alivaa viatu tangu saa moja asubuhi. Nilimwambia gari bado, lakini alisahau. Akakaa navyo mpaka jioni."

Alikwenda upande wa kushoto akaweka kiganja juu ya madigadi, akakipitisha kwenye mviringo wote, akitafuta nilipokata. Hakupaona. Niliitengeneza vizuri, Mungu anisamehe.

"Ungesema tu, fundi," akasema. "Ungesema unataka nije. Ningekuja hata kama hakuna gari."

Akachukua funguo. Kwenye geti aliwasha indiketa ingawa barabara ilikuwa tupu, akasubiri, akakata kona.

Sasa ni wiki ya saba. Pancha hanitanii tena, ikifika saa saba Alhamisi anapunguza hata redio yake. Nimeliona gari mara moja, pale njia panda karibu na duka lake la miwani, kiti cha abiria kitupu. Aliniona. Alipunguza mwendo, nikadhani atasimama, kisha akaendelea. Sikumlaumu. Nililitazama mpaka likapotea, na nitakuambia ukweli wote maana ndiyo kazi ya barua hii, nilikuwa naangalia pia kama madigadi mbili za nyuma ziko sawa.

Hiyo ndiyo kazi iliyonibana, dada. Mwanzo sikuja kwako kwa sababu ningekosa Alhamisi. Baadaye sikuja kwa aibu. Wewe ndiye uliyenilea, ulinifundisha kufunga kamba za viatu na kuomba radhi, nikaona hutanitambua. Lakini maneno yale ya mke wa Breki hayanitoki, kwamba ningesema tu. Kwake nimechelewa. Kwako sitaki kuchelewa. Niko peke yangu, dada. Nimekuwa peke yangu miaka sita, nimechoka, na nimemuumiza mtu kwa kushindwa kulisema neno hilo dogo. Nataka kuja kwenu mwanzo wa mwezi ujao, nikae hata wiki mbili kama kuna pa kulala. Siku za kwanza nitajibu nzuri, nzuri sana. Tafadhali endelea kuuliza.

Msalimie shemeji, na umsomee barua hii yote, usimfiche kitu. Wape watoto salamu zangu, waambie mjomba anakuja. Majirani zenu walionijua nikiwa mdogo, wote wasalimie. Nakutakia afya, na goti lipoe.

Ni mimi mdogo wako,
fundi bodi.