Kwa Jemedari Aliyejifungia Bafuni

Baba watoto,

Nimegonga mlango wa bafu mara mbili, ukanijibu kwamba jemedari haonani na wajumbe. Basi nakuandikia. Chai iko kwenye chupa. Gesi imekwisha, usihangaike na jiko. Koti lako la kijeshi nimelipiga pasi na kifungo nimekishona, maana dikteta wa televisheni hawezi kufa kifua wazi.

Sasa ya asubuhi. Najua leo mnarekodi siku yake ya mwisho, vita vimemshinda na hamwamini mtu. Lakini ndiyo usimame mlangoni mwa jikoni, watu tunakunywa chai, ungurume, "Msaliti ni nani humu ndani?" Mimi nilicheka. Kitinda mimba wako akaangua kilio, akakiri kwamba ndiye aliyevunja miwani yako juzi. Nawe, badala ya kumkumbatia, ukaamuru apelekwe mbele ya askari. Amekwenda shule macho mekundu.

~~Leo kalale kwa mama yako.~~ Rudi tu, lakini usikie.

Umesema unakufa saa nane. Usikawie kufa. Mwongozaji akitaka mrudie, mwambie mkeo amekataa. Saa tisa uwe kwenye geti la shule, masharubu umeyabandua, mtoto amwone baba yake.

Na umwambie hana kosa. Miwani niliikalia mimi, nikairudisha mezani kimya kimya. Yeye aliigusa tu, ikaachana.

Msaliti wako,
Mama watoto