Jumuiya inaenda Qurus kumpa pole mjane wa kitabuni

Mpendwa Shangazi Valeria,

Naomba unisaidie kabla gari halijaondoka, na nakuandikia wewe wa gazetini kwa sababu Bibi yangu redio anasikiliza, ila gazeti anafungia mbegu tu. Mimi ni mvulana wa kidato cha tatu, nasoma kutwa nikitokea nyumbani, nina aibu kiasi kwamba mwalimu akiita jina langu naanza kukohoa, na kuna msichana anaitwa Sofia nakaa naye dawati moja tangu shule ifunguliwe na sijawahi kumsalimia kwa sauti inayosikika. Sasa mtu kama huyo, Shangazi, ameua mwanamume wa Qurus.

Ilikuwa hivi, mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza, Madam Edna, alipata boksi la riwaya za siku hizi kutoka Welisi (usiseme Uingereza, Madam anakasirika), akaanzisha kikundi cha kuzisoma, nyingine zimeandikwa moja kwa moja kwa Kiingereza na nyingine kwa Kiwelisi, lugha yao ya nyumbani, halafu zikatafsiriwa, na mimi nikachukua ya kutafsiriwa kwa kuwa hakuna aliyeitaka na hivyo sikulazimika kunyoosha mkono. Jioni tukichambua maharage Bibi akaniuliza nasoma nini, nikaanza kumsimulia kwa Kiiraqw, na jina la yule mama wa kitabuni halitamkiki, herufi zimebanana kama ng'ombe wa mnadani, nikamwita Martha. Bibi akauliza, "Ni wa upande gani huyo?" Nikaogopa maswali, nikasema Qurus, kata nyingine ya huku kwetu.

Basi kila kitu kikakubali. Kule nako kuna milima, ukungu, kondoo, watu wanaimba kanisani mpaka madirisha yanatetemeka, na watoto wa zamani walivishwa kibao shingoni shuleni kwa kuongea lugha ya kwao, na nilipofika hapo Bibi akaacha kuchambua, akasema, "Hicho kibao nimekivaa mimi. Hao ni watu wetu kabisa." Baada ya hapo ningemwambiaje? Kisha mume wa Martha akaangukiwa na mwamba kwenye machimbo ya mawe, nikasimulia vizuri, nafikiri vizuri mno, Bibi akalia, na kwenye sala ya jumuiya yetu ya kanisa akamtaja marehemu wa Qurus na mjane wake. Mwenyekiti wetu, Mzee Hilary, akasema kuombea bila kwenda kutoa pole ni kazi nusu, sasa mahindi na maharage yamekusanywa, mama mmoja katoa jogoo, gari la jirani yetu Benson limeshaombwa, Bibi kafua khanga yake ya misiba, wanaenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wa kuwaonyesha nyumba ni mimi.

Kinachonichoma zaidi, Madam amenipa alama za juu kwa insha niliyoandika kwamba mtafsiri mwaminifu habadilishi hata jina la mto.

Nikisema ukweli Bibi ataaibika mbele ya jumuiya yake na hatakaa tena kunisikiliza, na yeye ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kukohoa. Je, niugue siku hiyo? Au nimfishe na Martha mwenyewe ili safari ife?

Mtafsiri Mwongo,
Endamarariek

SHANGAZI VALERIA ANAJIBU

Wewe Mtafsiri,

Nimecheka, nimefuta macho, sasa nikuseme. Martha usimguse. Ukimuua hujafuta safari, umeongeza magari. Na ugonjwa wa Jumamosi uache, bibi aliyekulea anaijua homa yako ya kweli na ya kusingizia.

Kubadilisha jina si dhambi, hata mimi hilo la kwao lingenishinda. Ulikosea pale Bibi alipomwombea marehemu nawe ukainamisha kichwa ukaitikia "Amina". Uliitikia, usinifiche.

Leo hii, kabla hujala, kaa naye kwenye hayo maharage, useme kwa Kiiraqw, maana ndiyo lugha uliyomdanganyia. Mwambie Martha ni mtu wa kitabuni, nchi yake ni Welisi, na jina lake halisi ulitaje hata kama ulimi utateguka. Aibu ya Bibi itakuwa ni kuambiwa pamoja na watu, kwa hiyo ajue kabla yao. Atanuna. Mwache anune. Kisha nenda kwa Mzee Hilary wewe mwenyewe, usimtume mtu, useme, "Shikamoo mzee, Bibi hakudanganya, nilimdanganya mimi." Ukishamaliza, kohoa utakavyo.

Chakula na jogoo visirudi majumbani. Qurus haikosi mjane wa kweli. Mzee Hilary awaulize wenzake wa kule, na Jumamosi hiyo upande gari, ubebe gunia.

Halafu acha kuniambia huna sauti. Mwanangu, umesimulia kifo cha mtu wa mbali, kilichopitia lugha tatu, mpaka jumuiya nzima imefunga mizigo. Sofia anahitaji "mambo" moja tu.

Na kitabu kimalizie, safari hii kama kilivyoandikwa. Unaogopa Bibi hatakaa tena kukusikiliza. Atakaa. Jioni moja, amekupa mgongo, ataanza kuchambua maharage peke yake na kuuliza, kama vile haimhusu, yule mjane wa huko Welisi alibaki kijijini au alihama. Najua atauliza, kwa sababu barua yako nimeisoma mara moja tu, na mimi mwenyewe tayari nauliza.