Nzi Mia Mbili na Mmoja

Jumanne, 6 Februari

Leo tumegawiwa nzi. Wale wadogo wa matunda. Chupa mbili kila mtu, zimezibwa kwa pamba, chini kuna uji wa mahindi na hamira. Mabuu wameshapanda ukutani na kuwa pupa, wamejifungia kwenye maganda. Mwisho wa wiki watatoka, nami nitahesabu: wangapi macho mekundu, wangapi macho meupe. Kisha ripoti. Hakuna kusimama mbele ya watu, hakuna kusema. Hili somo la jenetiki nimeanza kulipenda.

Pyry kakaa karibu yangu tena. Huwa anachelewa, na kiti kinachobaki huwa hicho. Chupa zake amezipa majina. Akaniuliza zangu zinaitwaje.

Nikasema: Moja na Mbili.

"Jirani," akasema, "wewe una roho ya karani."

Nilitaka kujibu kitu. Jibu limenijia sasa hivi, saa tano baadaye. Wala si zuri.

Nzi wangu na wake wametoka chupa mama moja, ile ya wazazi wao, nambari saba, sisi wawili tu. Tumekuwa kama ndugu, anasema Pyry. Yeye lazima afaulu somo hili mwezi huu, bila hivyo hapati kozi ya kiangazi ya ndege. Siku kumi na nne kwenye mwamba baharini, kuhesabu bata. Anaisimulia kama watu wengine wanavyosimulia harusi.

Alhamisi, 8 Februari

Kabati la joto la maabara limekufa. Marjukka, mwalimu wetu, akasimama juu ya kiti: kila mtu aondoke na chupa zake, akazihesabie nyumbani, lenzi za mkono hizi hapa.

"Wanataka digrii ishirini na tano," akasema. "Msiwagandishe. Na tafadhali msiwapike."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nimetoka na chupa ndani ya sidiria, maana nje ni kumi na tano chini ya sifuri. Chumbani kwangu ni kumi na nane. Pupa hawatoki hapa. Lakini nimepata mahali! Sauna ya chini, chumba cha mvuke cha jengo zima, tunachoingia kwa zamu. Imegusana ukuta na chumba cha boila, hata ikizimwa inabaki ishirini na sita. Nimepima mara mbili. Zamu ya kwanza ni kesho saa kumi na mbili jioni, na ni zamu yangu mwenyewe. Nimeziweka benchi la juu, pembeni, nyuma ya ndoo. Nitazitoa kesho mchana.

Akili kidogo ninayo.

Ijumaa, 9 Februari

Nimewapika.

Jumamosi, 10 Februari

Sasa naweza kuandika.

Jana nilisoma hadi saa kumi na moja. Ikawa Ijumaa jioni, na Ijumaa jioni mtu hafikiri — miguu inajua njia. Nikashuka, nikawasha jiko la sauna, nikarudi kuchukua taulo. Saa kumi na mbili nikaingia. Nikapanda benchi la juu. Nikamwagia mawe ya jiko maji ili mvuke upande, mara tatu, maana wiki ilikuwa ndefu. Nikasikia harufu ya uji ulioungua. Nikadhani ni majirani.

Digrii themanini na tano. Tulikaa pamoja dakika kumi na mbili, mimi na nzi wangu. Niliyetoka ni mimi peke yangu.

Hakuna cha kuhesabu. Wengi hawakuwahi hata kutoka kwenye pupa. Waliotoka wamezama kwenye uji, wamekuwa kitu kimoja. Nimewamwaga chooni. Nilisimama kidogo kabla ya kuvuta maji. Sijui kwa nini.

Kisha nikafanya kitu hiki, na nakiandika hapa kwa sababu kwingine sitakiandika: nimefungua kitabu, sura ya tatu. Wekundu watatu kwa mweupe mmoja. Nikaandika 152 na 49. Nilianza na 150 na 50, nikaona ni safi mno. Nikaongeza maelezo: mmoja alitoroka wakati wa kufungua pamba. Huyo mtoro nimempenda kweli.

Kwetu kisiwani tunaongea Kiswidi: shule nilisoma kwa Kiswidi, chuo nasoma kwa Kifini. Kudanganya kwa Kifini kumekuwa rahisi kidogo. Kama kuvaa koti la mtu — baridi huisikii, ila mifuko si yako.

Nimetuma saa tisa na nusu.

Jumapili, 11 Februari

Mama kapiga simu kutoka kisiwani. Nzi hawajambo?

Hawajambo, mama.

"Yaani chuo kizima mnahesabu nzi. Si uje Julai, hapa jikoni kwangu nzi ni bure."

Kanicheka. Kisha akauliza kama nimepata mtu wa kuongea naye. Nikasema yupo mmoja, ananiita jirani. Mama akanyamaza kwa furaha. Nilimsikia kabisa akinyamaza.

Jumatatu, 12 Februari

Wote wamepata nusu kwa nusu.

Darasa zima! Watu thelathini na mmoja. Huo ndio ulikuwa mtego wa somo: rangi ya macho ya nzi hawa inakaa kwenye kromosomu ile ile inayoamua dume na jike, kwa hiyo ile hesabu ya sura ya tatu haifuatwi. Ipo sura ya nne. Sikufika sura ya nne.

Marjukka kanisimamisha mlangoni baada ya kipindi. Nikajua imeisha. Nikatafuta neno la Kifini la "samahani", nalijua tangu nina miaka mitano, halikuja.

"Hedvig," akasema, "matokeo yako ni ya ajabu."

Nikaangalia viatu vyake. Soksi za sufu, moja ya kijani.

Akasema kila mwaka kuna anayetunga namba. Lakini anayetunga hutunga jibu sahihi, huwauliza wenzake kwanza. Hakuna mtu anayetunga jibu baya peke yake.

"Na mtu anayetunga," akasema, "haandiki nzi aliyetoroka."

Ananiamini kwa sababu ya mtoro!

Nikasema "ndiyo". Sijui nilikuwa nakubali nini.

Jumanne, 13 Februari

Leo ni Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, kila mtu anakula mikate ya krimu. Pyry kaniletea mmoja, wa jamu. Nyumbani kwetu tunatia lozi, ila nimekula wote.

Kisha kaniambia. Marjukka ameikataa ripoti yake. Chupa mama ni moja, nambari saba: mimi watatu kwa mmoja, yeye nusu kwa nusu. Basi mmoja wetu amekosea kuhesabu. Na Marjukka kaangalia nani huchelewa na nani hachelewi.

"Simlaumu," Pyry akasema. "Kati ya mimi na wewe, hata mimi ningekuchagua wewe."

Amepewa chupa mpya kutoka nambari saba. Ahesabu upya kabla ya Jumatatu, la sivyo ripoti haipokelewi. Na ndege basi.

Alikuwa na krimu puani. Sikumwambia. Hilo nalo sikumwambia.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeandika ungamo. Kwanza kwa Kiswidi, nikalia. Kisha nikalihamishia Kifini, likawa kama barua ya bima. Nikalikariri. Sentensi sita.

Saa nane nimebisha kwa Marjukka.

"Ingia, Hedvig, kaa. Kahawa?"

Kanimiminia kabla sijajibu. Akasema amefundisha nzi hawa miaka ishirini na miwili, kila mwaka nusu kwa nusu, na kila mwaka anatamani nzi mmoja tu amshangaze kabla hajastaafu. Anastaafu Juni. Ameanza kulisha nambari saba mwenyewe, asubuhi na jioni. Hata Jumapili.

Akauliza: "Ulikuja kusema nini?"

Nikasema: "Kahawa nzuri."

Sentensi sita zikawa maneno mawili. Na kahawa yenyewe ilikuwa mbaya.

Ijumaa, 16 Februari

Nimekwenda maabara ili nikae na Pyry akihesabu. Nilijiambia nitamwambia yeye kwanza, ni rahisi zaidi.

Alikuwa amewalaza usingizi kwa dawa kwenye sahani nyeupe. Anawasogeza kwa brashi, wekundu kulia, weupe kushoto. Ulimi nje. Sijawahi kumwona kimya hivyo. Chungu mbili. Hata bila lenzi nilizikadiria: sawasawa.

Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu.

"Jirani," akasema, "wewe unaonaje?"

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Nikasema: "Mwanga wa hapa si mzuri."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari. "Sawa. Nadhani wengine ni wekundu waliopauka." Akachukua brashi, akaanza kuhamisha nzi kutoka chungu ya kushoto kwenda ya kulia. Mmoja mmoja. Alipofika 150 kwa 51 akaacha. Akawamwaga wote kwenye mtungi wa spiriti.

"Tumekuwa ndugu tena," akasema.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Zamu yangu ya sauna nimempa mtu wa ghorofa ya tatu.

Jumatatu, 19 Februari

Maabara, saa nne na robo. Naandika chini ya daftari la ripoti.

Ubaoni: Hedvig 152 na 49. Pyry 150 na 51. Mstari chini yake, mara mbili. Marjukka anasema mmoja anaweza kukosea, wawili ni habari. Leo mchana anamwandikia mwenzake wa Uswidi. Amevaa blauzi ya sherehe. Watu wanageuka kututazama, kuna aliyepiga makofi.

Pyry amefaulu. Ndege amepata. Kakaa anasugua macho kwa ngumi, kama mtoto.

Kaninong'oneza: "Unajua, wale nzi Ijumaa mimi niliwaona nusu kwa nusu. Mara tatu."

Najua, nikasema.

"Sasa macho kama haya," akasema, "nitahesabuje bata?"

Hakuwa anatania. Nilisubiri utani, haukuja.

Mwandiko umeharibika kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko juu, naomba kusema zile sentensi sita. Uko juu kama dakika sasa. Marjukka anachora kromosomu, ametupa mgongo.

Pyry kauona. "Unataka chooni?"

Nimesema hapana. Nimesema kwa sauti — watu wa mbele wamegeuka. Chaki imesimama.